Mtu Asimamaye Kando ya Njia

Wahenga walisema, Mwenye macho haambiwi, Tazama. Neno hili ni kweli, lakini halikumaliza jambo. Kutazama hakufundishwi, hata mtoto mchanga hugeuza uso wake afuate taa. Bali namna ya kutazama, na mahali pa kusimama mtu atazamapo, na yale ayafanyayo kwa mikono yake na kinywa chake wakati macho yake yanapofurahi, haya yote yafundishwa, tena wako watu wazima wengi wasiojifunza bado. Katika habari hii nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja: Je, mtu atazamaye tu ana wajibu wo wote kwa yule anayetazamwa? Wengi hujibu upesi, Hana. Husema, Mimi sikushindana, sikumgusa mtu, nilisimama kando ya njia tu. Jibu hilo tutalipima kwa mfano wa mashindano ya baiskeli, kwa sababu katika mchezo huo mtazamaji na mshindani hukaribiana kuliko katika michezo mingine iliyo mingi.

Hapa kwetu Balangdalalu baiskeli ni mtumishi. Hubeba madumu ya maji, na gunia la mahindi kwenda mashineni, na mara nyingine mgonjwa kwenda zahanati. Na ukimwona mtu akiteremka nayo kwa kasi ya kutisha, yamkini breki imekatika. Kwa hiyo yafaa nieleze kwanza habari za wale ambao baiskeli kwao ni kazi ya mshahara. Mashindano yao yaliyo makuu ni Tour de France, yaliyoanzishwa mwaka wa 1903 na gazeti moja la Paris lililoitwa L'Auto, ili lipate wasomaji. Siku hizi washindani karibu 180 huizunguka nchi ya Ufaransa kwa muda wa majuma matatu, mwendo wa kilometa 3,400 hivi, wakipanda milima na kuishuka. Huenda wakisongamana, gurudumu nyuma ya gurudumu, kwa sababu aliye mbele huwakatia wenzake upepo. Kwa hiyo mmoja akianguka huwaangusha na walio nyuma yake. Mavazi yao ni mepesi kama shati, na kwenye miteremko mikali hupita kilometa 80 kwa saa.

Tena jambo lililo kubwa kwa habari yetu ni hili: mchezo huu hauna uwanja. Mpira wa miguu una mistari na mlango, na mtu hulipa ndipo aingie. Lakini baiskeli hupita katika barabara ile ile ambayo jana ilipitwa na ng'ombe na gari la mkaa. Hakuna kiingilio. Tajiri na maskini husimama mahali pamoja, mtoto huketi ukingoni, na mshindani mkuu wa dunia hupita mbele yao, karibu hata waweza kusikia pumzi zake. Katika michezo mikubwa sijui mwingine unaompa maskini nafasi kama hii bure. Nao walioitoa nafasi hii wameitoa kwa kuamini kwamba mtu atakayesimama pale hatanyosha mkono wake kwa ubaya.

Jambo hili limetufikia karibu. Tangu tarehe 21 hata 28 Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mji mkuu wa Rwanda, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walikwenda kilometa 267, wakipanda na kushuka vilima vya mji ule. Walioanza walikuwa zaidi ya 150, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Serikali ilifunga shule za mji kwa juma lile, na watumishi wengi wa serikali wakaambiwa wafanye kazi nyumbani, ili barabara ziwe wazi. Watu wakajipanga vilimani kwa maelfu, wazee na watoto. Wanyarwanda hawakuanza juzi kuupenda mchezo huu: mashindano yao wenyewe, Tour du Rwanda, yalianza mwaka wa 1988, nao wamezoea kusimama ukingoni mwa barabara mpaka mtu wa mwisho apite.

Wako waliosema baadaye, Utaratibu ule ni kwa sababu ya polisi. Wengine wakasema, La, ni kwa sababu ya desturi ya Waafrika, maana sisi twamheshimu mgeni. Yafaa tuyachunguze maneno haya yote mawili, nami nitaanza na hili la desturi, kwa kuwa ndilo latupendeza zaidi, na linalotupendeza ndilo rahisi kutudanganya.

Ni kweli kwamba kila taifa hutazama kwa namna yake. Katika nchi ya Flanders, huko Ubelgiji, mashindano ya baiskeli yamekuwa kama sikukuu ya nchi tangu mwaka wa 1913, Ronde van Vlaanderen ilipoanzishwa. Watu hukusanyika vilimani na bendera za simba, hula, hunywa pombe, huimba, na kelele zao husikika mbali. Waholanzi huenda mpaka Ufaransa, katika mlima uitwao Alpe d'Huez wenye kona 21, nao wameifanya kona ya 7 kuwa yao. Huvaa nguo za rangi ya machungwa, hata pakawa pekundu kama moto wa mbuga. Zamani padre mmoja Mholanzi aliyelihudumia kanisa la pale mlimani alikuwa akipiga kengele kila mtu wa nchi yake aliposhinda, na kati ya mwaka wa 1976 na 1989 kengele ile ililia mara 8. Huko Japani, katika mji wa Utsunomiya, watu husifiwa kwa upole wao: hupanga foleni, nao humshangilia kila mshindani, hata asiyejulikana. Nao Waeritrea, waliojifunza baiskeli kwa Waitaliano, wameipenda kuliko michezo mingine; Biniam Girmay alipokuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda siku moja ya Tour de France, mwaka wa 2024, tena mara tatu katika mashindano yale yale, watu wa kwao walioko Ulaya walikuwa kando ya barabara na bendera zao, wengine wakilia.

Kumbukeni ya kuwa watu hao wa Eritrea walijua pia uchungu wa kuwa watazamaji tu. Waitaliano walipoanza mashindano kule mwaka wa 1937, mwenyeji wa nchi hakuruhusiwa kushindana. Alisimama kando ya njia katika nchi ya baba zake, akiwatazama wageni. Ndipo mwaka wa 1939 walipowaruhusu kushindana pamoja, na mshindi alikuwa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Kwa hiyo pale ukingoni mwa barabara huwa kuna wenye furaha na wenye kungoja haki yao, nao husimama pamoja, wala huwezi kuwapambanua kwa macho.

Basi, tukiyaona haya yote, je, tuseme kwamba kutazama vema au vibaya ni desturi tu, hata asiwepo awezaye kumhukumu mwenziwe? Sidhani. Kelele si kosa, wala kimya si wema. Mtu wa Flanders apigaye kelele na mtu wa Japani apigaye makofi taratibu wote wawili waweza kuwa na moyo mmoja wa kumtakia heri apitaye. Hayo ni kama mavazi na vyakula; mwenye akili hayagombanii. Lakini yako mambo mengine yasiyobadilika mtu avukapo mpaka. Mfupa wa bega ukivunjika Ufaransa, huuma kama ule uliovunjika Hanang. Mama amngojaye mwanawe arudi salama yuko Slovenia na yuko Rwanda. Desturi yaweza kutuambia tuimbe wimbo gani. Haiwezi kumpa mtu ruhusa ya kumwangusha mwenziwe.

Tena tusijisifu upesi kwa ajili ya taifa lo lote. Wabaski, walioko katika milima ya kaskazini ya Hispania, wamesifiwa miaka mingi kwamba humshangilia wa kwanza na wa mwisho sawasawa. Mwaka wa 2023 Tour de France ilianzia kwao, katika mji wa Bilbao, nao wakajaza njia kwa furaha. Hata hivyo siku ya pili, tarehe 2 Julai, mtu alimwaga misumari midogo barabarani, na magurudumu ya wengi yakatoboka. Je, Wabaski wakawa wabaya kwa siku moja? La. Misumari haikumwagwa na taifa, ilimwagwa na mkono wa mtu. Kwa hiyo asemaye, Watu wa kwetu hawana tabia hiyo, hajasema neno lo lote juu ya mkono wake mwenyewe.

Nimeyafikiri makosa ya watazamaji yanayojulikana, nikaona ya kuwa yagawanyika mafungu matatu, na kila fungu lina mzizi wake.

La kwanza ni la upendeleo uliogeuka kuwa chuki. Mwaka wa 1904, mashindano ya Tour yakiwa ya pili tu, washindani walikuwa wakienda usiku karibu na mji wa Saint-Étienne. Kijana wa huko, Antoine Faure, akapita mbele, na watu wa kwao wakawazuia wengine kwa fimbo na mawe ili mtoto wao apate kushinda. Maurice Garin, aliyeshinda mwaka uliotangulia, akaumizwa, na waandalizi wakafyatua bastola hewani ili kuwatawanya watu. Mwaka wa 1950, katika mlima uitwao Aspin, Waitaliano walitendewa ukali na watu wa kando ya njia, na Gino Bartali akaangushwa na kusongwa. Jioni Waitaliano wote wakajitoa katika mashindano, ingawa mmoja wao, Fiorenzo Magni, ndiye aliyekuwa akiongoza. Na tarehe 11 Julai 1975, katika mlima wa Puy de Dôme, Mbelgiji Eddy Merckx, aliyekwisha kushinda Tour mara 5, alipigwa ngumi ubavuni na mtazamaji. Mwenye kupiga alisema kwamba alisukumwa na umati. Merckx alikwenda barazani, akapewa fidia ya faranga moja tu, ya kuonyesha kwamba kosa ni kosa. Mwaka ule alishindwa, wala hakushinda Tour tena.

Watu hawa hawakuanza kwa chuki. Walianza kwa kumpenda mtu wa kwao, na hilo si baya. Mcheza kwao hutunzwa. Ila mapenzi yao hayakuwa na mpaka. Ampendaye mtu hata akataka wenziwe wavunjike miguu, amekwisha kumwibia huyo ampendaye. Maana sasa akishinda, hakuna atakayejua kama ni nguvu zake au ni mawe ya jamaa zake.

Fungu la pili ni la mtu ajitazamaye nafsi yake. Tarehe 26 Juni 2021, siku ya kwanza ya Tour, mwanamke mmoja alisimama ukingoni akiwa na kipande cha boksi alichokiandika salamu kwa babu na bibi yake. Alikuwa akiielekea kamera ya televisheni, amewapa mgongo washindani waliokuwa wakija. Mjerumani Tony Martin akakigonga kibao kile, akaanguka, na makumi ya wenzake wakaanguka juu yake. Baadaye baraza la mji wa Brest lilimtoza yule mwanamke faini ya euro 1,200. Hakumchukia mtu. Salamu zake zilikuwa za upendo. Lakini katika dakika ile alikuja kutazamwa, naye hakuja kutazama. Na walio hatarini nyuma ya mgongo wake aliwasahau. Siku hizi, ambapo kila mtu ana simu mkononi, jambo hili limekuwa la kila siku. Mtu huona ajali barabarani, na kabla ya kuuliza, Je, yu hai? amekwisha kuinua simu apige picha. Simlaumu mwenye simu kwa kuwa nayo. Nasema tu kwamba mkono mmoja hauwezi kuinua simu na kumwinua majeruhi kwa wakati mmoja.

Fungu la tatu ni la dharau, ya mtu amwonaye mchezaji kama kitu cha kuchezewa. Mwaka wa 2015 Mwingereza Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alimwagiwa mkojo na mtazamaji, kwa sababu watu walimshuku kwamba alitumia dawa za kujiongezea nguvu. Tarehe 13 Aprili 2025, katika mashindano ya Paris–Roubaix, Mholanzi Mathieu van der Poel alipigwa usoni kwa chupa iliyokuwa na maji, akiwa katika mwendo wa kasi juu ya barabara ya mawe. Mshindani huyo huyo, mwishoni mwa mwaka wa 2023, katika mji wa Hulst, alikuwa amechoka kwa matusi na vinywaji alivyorushiwa, akawatemea mate watazamaji. Naye akatozwa faini ya faranga 250 za Uswisi. Faini ilikuwa haki, maana mshindani naye ana wajibu. Lakini angalieni jinsi dharau inavyoambukiza: waliomtukana walirudi nyumbani bila kujulikana, na aliyetukanwa ndiye aliyeandikwa katika magazeti.

Hapa mtu aweza kunijibu, akisema, Wewe wawahurumia bure watu wanaolipwa fedha nyingi. Wakitaka mshahara, wavumilie na kelele za watu. Neno hili ninalisikia hata kwetu, katika mambo mengine kabisa. Husemwa juu ya mwalimu, na juu ya mwamuzi wa mpira, na juu ya mwuguzi wa zahanati: Analipwa, basi avumilie. Nalijibu hivi: Mshahara hununua kazi ya mtu, haumnunui mtu mwenyewe. Mshindani amelipwa ili akanyage pedali, na kwa hiyo yampasa avumilie mvua, na mlima, na kushindwa. Hakulipwa ili apigwe chupa. Ukisema kwamba fedha yake yakupa ruhusa ya kumdhuru, umesema kwamba kila aajiriwaye amekuwa mtumwa wa kila mtu apitaye.

Mwingine atasema, Pasipo watazamaji hakuna mashindano. Makampuni hulipa kwa sababu yetu. Basi sisi ndio wenye mchezo. Neno hili lina kweli kubwa ndani yake, wala sitaki kuliondoa. Barabara ni yao wakaao kando yake. Lakini mwenye nyumba ana wajibu kwa mgeni aliyeingia, tena mkubwa kuliko wa mpita njia. Katika desturi za wazee wetu, Wairaqw na Wabarbaig, kama zilivyo desturi za makabila mengi, mgeni akidhurika ndani ya boma la mtu, aibu ni ya mwenye boma. Yeye asemaye, Mchezo huu ni wetu, ameukubali wajibu wenyewe kwa kinywa chake.

Liko swali la tatu, nalo ni gumu zaidi. Yawezekana mtazamaji amekuja kando ya njia kwa sababu ya dhamiri, si kwa sababu ya mchezo? Mwaka wa 2025, katika mashindano ya Hispania yaitwayo Vuelta, watu wengi waliingia barabarani wakipinga vita vya Gaza, kwa kuwa mlikuwa na timu yenye jina la Israeli. Na tarehe 14 Septemba siku ya mwisho ilivunjwa kabla ya kufika mwisho wake, katika mji wa Madrid. Wiki moja baadaye, Kigali yenyewe ilikuwa na swali lake. Mwezi wa Januari wa mwaka ule mji wa Goma, ulio mpakani kabisa na Rwanda, ulitwaliwa na waasi wa M23, na watu wengi sana wakakimbia; wako waliosema kwamba si haki kushangilia baiskeli upande huu wa mpaka, hali upande wa pili watu wanalia.

Mimi sidhani kwamba tuna haki ya kuwaambia watu hao wanyamaze. Kando ya njia ni mahali pa watu wote, na mwenye kilio anaweza kukitoa pale kama mwenye wimbo. Bendera, na kibao kilichoshikwa mbali na njia, na hata kukataa kwenda kutazama, hayo yote ni maneno halali. Lakini katika Vuelta ile mmoja wa washindani, asiye wa timu iliyopingwa, alianguka wakati wapingaji walipoingia barabarani. Hapo ndipo ninapoona mpaka. Mwili wa mtu mwingine si ubao wa kuandikia neno langu, hata kama neno langu ni la haki. Yule mwenye salamu kwa babu yake na huyu mwenye neno kwa mataifa hawalingani kwa uzito wa jambo. Bali kwake yeye aangukaye lami ni ile ile. Tena nawageukia wale washangiliao, niwaambie: kumshangilia mshindani si kosa, lakini furaha isiyotaka hata kusikia habari za jirani aliaye ina kasoro ndani yake.

Sasa narudi kwa waliosema kwamba utaratibu wa Kigali ulikuwa kazi ya polisi. Sheria ni lazima, nami siidharau. Uzio wahitajika mahali pa kumalizia, na faini ina faida yake, kwa kuwa wako watu wasiojizuia ila kwa kuogopa. Lakini fanyeni hesabu kidogo. Njia ya kilometa 200, ukiweka askari mmoja kila baada ya meta 10, itahitaji askari 20,000 upande mmoja, na 40,000 pande zote mbili. Ni serikali gani itakayofanya hivyo kila siku kwa majuma matatu? Haiwezekani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia hailindwi na mtu ye yote, ila na dhamiri za watu wasimamao pale. Na tuseme askari wangetosha. Askari aweza kumzuia mtu asitupe chupa. Hawezi kumfanya apige makofi kwa ajili ya mtu wa mwisho. Wema huo hauletwi kwa amri.

Tena mtazamaji ana uwezo wa kutenda mema, nalo hili tusilisahau katika kuhesabu makosa. Tarehe 14 Julai 1999 Mwitaliano Giuseppe Guerini alikuwa peke yake mbele ya wote, akikaribia kumaliza mlima wa Alpe d'Huez. Mtazamaji mmoja akasimama katikati ya njia ili ampige picha, wakagongana, na Guerini akaanguka. Yule yule aliyemwangusha akamsaidia kuinuka, akamsukuma ili aondoke. Naye Guerini akaenda akashinda. Mkono uliokosa ulitengeneza ulichoharibu, katika dakika ile ile, bila kuambiwa na baraza.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote hauko katika baiskeli, wala haukutoka kwa wageni. Umetoka kwetu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika michezo ya Olimpiki huko Mexico, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia mbio za marathoni kwa ajili ya Tanzania. Katikati ya njia alianguka, akaumia goti. Wenzake 18 kati ya 75 walioanza hawakumaliza siku ile, naye hakuna ambaye angemlaumu kama angeacha. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda. Tuzo zilikuwa zimekwisha kutolewa. Jua lilikuwa limekuchwa, na watu wengi wameondoka uwanjani. Ndipo Akhwari alipoingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akichechemea, mguu wake umefungwa kitambaa. Nao wachache waliobaki wakasimama, wakampigia makofi mpaka akaupita mstari.

Kila mtu katika nchi yetu husimulia ushujaa wa Akhwari, na ni haki. Mimi leo nataka tuwakumbuke na wale wachache wa Mexico, ambao majina yao hayakuandikwa. Hawakuwa Watanzania. Hawakuwa na faida yo yote kwake. Hakuwa mshindi wala mtu wa kwao. Tena walikuwa na sababu ya kurudi nyumbani, kwa kuwa usiku umeingia. Walimwona mtu anayeteseka kwa kutimiza neno aliloagizwa na nchi yake, wakaona ya kuwa yawapasa wasimame. Kama wangalicheka, Akhwari angalimaliza vilevile, lakini angalimaliza peke yake.

Basi tulirudie swali letu. Mtu atazamaye tu, je, ana wajibu? Naona ya kuwa anao, tena ni wa sehemu tatu. Asimdhuru apitaye, wala kwa chuki, wala kwa mapenzi, wala kwa kusahau. Ajue ya kuwa mtu huyo amemwamini, kwa kuwa amekuja karibu yake bila ukuta. Na akiweza, amwongezee nguvu, hasa yule asiye na mtu wa kumshangilia. Haya hayategemei kabila wala nchi. Yaweza kufanywa kwa kelele au kwa kimya, kwa Kiflanders au kwa Kiiraqw.

Ndugu zangu makatekista na waalimu, ninyi mko na vijana kuliko sisi wachungaji. Huenda hapa Balangdalalu hatutaona Tour de France ikipita, ila twaona mpira wa vijiji kila juma, na mbio za watoto kila mwaka. Msiwaangalie wachezaji peke yao. Tazameni na wale wasimamao kando. Angalieni kama mwamuzi hutukanwa, na kama mtoto aangukaye huchekwa. Waambieni vijana wetu kwamba na wao wako kazini pale waliposimama. Na shule zetu zitakapofanya mbio zao, yule wa mwisho akiwa bado yuko mbali njiani, watu wasianze kukunja viti. Wamngoje mpaka afike.